Ala Iliyolegea na Nakshi Iliyofifia: Kutafuta Chanzo cha Kasoro Katika Kazi ya Ngozi

Mteja anayerudisha ala ya kisu au ya bastola na kusema, "Fundi, hii imeharibika," huonyesha mahali kasoro ilipojitokeza, na ni nadra pawe ndipo ilipoanzia. Mshono uliokatika huenda ulikatwa na makali ya kisu chenyewe. Nakshi iliyofifia huenda iliharibiwa na maji siku ileile ilipochongwa. Na doa jeusi linalodhaniwa kuwa ni la rangi huenda ni alama ya chuma. Kwa jinsi nilivyoiona kazi hii hapa Nairobi, kasoro nyingi hutokana na mambo mawili, yaani aina ya ngozi iliyonunuliwa na kiasi cha maji kilichokuwamo ngozi ilipokuwa ikifanyiwa kazi. Mkono wa fundi huja wa tatu, ingawa ndio unaolaumiwa kwanza.

Kabla ya yote: ni ngozi gani hii?

Fundi anayetafuta ngozi katika mabanda ya soko la Kariokor au kwa wauzaji wa mjini atakutana na aina mbili kuu. Ya kwanza ni ngozi ya kromu, ambayo kiwandani hutiwa chumvi za kromiamu. Ni laini, hustahimili maji, na ndiyo inayofaa kwa viatu vya kila siku, mikoba na jaketi. Ya pili ni ngozi ya magome, ambayo hutengenezwa kwa dawa itokayo katika magome ya miti, na hapa kwetu hasa miwati, ule mti wenye asili ya Australia unaopandwa katika nyanda za juu. Ngozi ya magome hunyonya maji, hulainika mithili ya udongo wa mfinyanzi, kisha ikikauka hushika umbo ililopewa. Nakshi ya kuchonga na ala ya kufinyanga hutegemea tabia hiyo moja.

Shida ni kwamba rangi ya juu haisemi kweli. Niliwahi kuuziwa upande mzima wa ngozi ya hudhurungi na muuzaji aliyeapa kuwa ni ya magome, nikachonga maua kwenye mikanda sita hadi usiku, na asubuhi nikakuta maua yamekuwa vivuli. Tangu siku hiyo sinunui kabla ya kukata kipande kidogo cha pembeni na kutazama unene wake. Ngozi ya magome huwa ya rangi ya chai au mchanga toka juu hadi chini, ilhali ya kromu mara nyingi huonyesha kati mstari wa kijivu au wa buluu iliyopauka. Tone la maji nalo husaidia, kwa kuwa juu ya ngozi ya magome isiyopakwa kitu litazama na kuacha doa jeusijeusi ambalo hupotea likikauka, na juu ya ile ya kromu aghalabu litakaa kama umande juu ya jani la mgomba.

Shaka ikibaki, kitumbukize kijipande katika maji yanayochemka. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, lakini joto hilo linatosha kabisa: ngozi ya magome huanza kujikunja na kuwa ngumu baina ya nyuzi 70 na 85, na ile ya kromu iliyotengenezwa vizuri haitikisiki.

Litazame pia eneo la mnyama ambalo kipande kimetoka. Mgongo una nyuzinyuzi zilizoshikana na ndio wa ala na wa nakshi. Tumbo hunyumbuka, hukunjamana, wala halishiki umbo hata likiwa la ngozi ya magome. Ngozi za ng'ombe wetu, zaidi ya hayo, huja na chapa za moto, mikwaruzo ya miiba na vidonda vya kupe vilivyopona. Kovu haliondoki kwa kulichonga, kwa hiyo ama mchoro upangwe kulikwepa, ama kovu liachwe lionekane waziwazi. Binafsi napenda kuliacha, ingawa wateja wa harusi hawapendi.

Nakshi haikai, au inakaa bila kina

Neno "kuchonga" linapotosha kidogo. Mchongaji wa mlango wa Lamu huondoa mti na kuutupa chini; fundi wa ngozi haondoi chochote, bali hukata mstari kwa kisu cha nakshi, kile chenye shingo inayozunguka chini ya kidole cha shahada, kisha hukandamiza upande mmoja wa mstari kwa muhuri wa chuma na nyundo ya mti ili upande wa pili uonekane umeinuka. Yote haya ni kusogeza nyuzinyuzi za ngozi, na nyuzinyuzi husogea na kubaki ziliposogezwa pale tu ambapo maji ni ya kiasi.

Iwapo alama za muhuri ni za kina unapopiga lakini zinavimba na kurudi baada ya dakika chache, ngozi ina maji mengi mno. Dalili nyingine ni maji kutokeza pembeni mwa muhuri na kisu kuburura ngozi badala ya kuikata. Iwapo, kinyume chake, alama ni hafifu tangu mwanzo na nyundo inadunda, ngozi imekauka. Kiasi kinachofaa hutambulika kwa macho na kwa shavu: rangi ya ngozi iliyolowa iwe imeanza kurudi karibu na rangi yake kavu, lakini ukiigusisha shavuni uhisi ubaridi. Katika hali hiyo muhuri huacha alama ya hudhurungi iliyokolea kuliko pale palipoizunguka, jambo ambalo ngozi iliyolowa mno au iliyokauka haifanyi.

Njia ya kuyapata maji ya kiasi ni kulowesha leo na kuchonga kesho. Pangusa sifongo yenye maji pande zote mbili, uiache ngozi ipumue kidogo, kisha uifunge usiku kucha ili unyevu usambae hadi ndani. Zamani nilitumia mifuko ya plastiki. Tangu mifuko ya kubebea ilipopigwa marufuku Agosti 2017 natumia ndoo yenye kifuniko, na kusema kweli ndoo ni bora, kwa sababu haigusani na uso wa ngozi na kuacha mikunjo. Usizidishe siku mbili, maana ngozi yenye unyevu iliyofungiwa huota ukungu.

Hali ya hewa hubadili hesabu hii. Mwezi wa Januari na Februari, chini ya paa la mabati saa nane mchana, kipande kilicholowa vizuri huweza kukauka usoni kabla hujamaliza ua la kwanza, huku ndani kikiwa bado na maji. Fundi huongeza maji juu juu, na matokeo yake ni mkanda wenye maua ya kina upande mmoja na maua dhaifu upande mwingine. Katika msimu huo huchonga asubuhi na kufunika kwa kitambaa chenye unyevu sehemu ambayo sijaifikia. Mwezi wa Julai, kwa baridi ile ya mawingu, kosa huwa la kinyume: fundi anachoka kungoja na kuanza kupiga mapema.

Kama maji ni sawa na nakshi bado ni hafifu, tazama kilicho chini ya ngozi. Meza ya mbao huyumba na kumeza nguvu ya nyundo. Kipande cha jiwe la marmari au granaiti kilichosalia kwa watengenezaji wa meza za jikoni, hata cha upana wa sahani, kitabadilisha kazi yako siku hiyohiyo. Kama mistari ina kingo zilizochanika, kisu ni butu: kisugue mara kwa mara juu ya kipande cha ngozi kilichopakwa dawa ya kung'arishia chuma, na uhakikishe mkato unaingia kati ya theluthi na nusu ya unene, kwa sababu mkato wa juu juu hufunga wenyewe na wa kina kupindukia hufunguka ngozi inapokunjwa.

Kuna kasoro moja ambayo wanaoanza huishangaa: mchoro ulioanza ukiwa wa duara unamalizika ukiwa kama yai, na pande mbili za ala hazilingani tena wakati wa kushona. Kila pigo la muhuri huisukuma ngozi nje, na mapigo mia kadhaa huirefusha kwa milimita kadhaa. Bandika utepe mpana wa gundi upande wa nyama, yaani upande wa nyuma wa ngozi, kabla ya kuchonga, au uchonge kwanza na kukata umbo la mwisho baadaye. Mimi hufanya yote mawili.

Ala inaachia, au inabana kupita kiasi

Hapa ndipo penye hatari, kwa hiyo nitakaa kidogo. Ala iliyofinyangwa vizuri hushika chombo kwa umbo lake: ngozi hukumbatia mabega ya kisu, au kingo za bastola, na chombo hutoka kwa nguvu ya mkono na si kwa kutikiswa. Ala inapoachia, jiulize kwanza kama ilianza kuachia siku ya kwanza au baada ya miezi.

Ikiwa ililegea tangu mwanzo, ama ngozi ni ya kromu, ama ni nyembamba, ama ilifinyangwa kavu mno. Kwa ala ya kisu cha wastani natumia unene wa milimita 3 hadi 4, na chini ya hapo sitegemei umbo pekee, naongeza ukanda wenye kifungo. Wakati wa kufinyanga, ngozi iloweshwe kwa maji ya uvuguvugu ambayo mkono unayavumilia bila shida, chombo kiingizwe kikiwa kimefungwa vizuri kisiguswe na maji, kisha vidole na kijiti cha mfupa au cha mti uliolainishwa vipite kwenye kila kona. Chombo kikishatoka, ala ikauke kivulini kwa siku nzima au zaidi. Wapo wanaoharakisha kwa kuiweka juu ya jiko la makaa au kando ya oveni. Ala hiyo hutoka ngumu kama ubao na mteja hufurahi, hadi mwezi wa tatu inapopasuka penye mkunjo. Ni kosa lilelile la kipande kilichochemshwa: joto limezikunja nyuzinyuzi, na hakuna mafuta yatakayozirudisha.

Ikiwa ililegea baada ya miezi, chanzo cha kawaida ni mafuta. Mteja mwenye mapenzi na kitu chake hukipaka mafuta kila Jumapili, na mafuta hulainisha, na kilicholainishwa hakishiki umbo. Ala hupakwa mafuta kidogo mara moja inapokamilika, kisha nta ya nyuki juu yake, basi. Iliyojaa mafuta inaweza kujaribiwa kuloweshwa na kufinyangwa upya, ila mafuta yakiwa mengi maji hayaingii, na hapo kazi imekwisha.

Kwa ala ya bastola, ulegevu una maana nyingine kabisa. Mdomo wa ala uliolainika huweza kukunjika kwa ndani, na mkunjo huo, mwenye silaha anapoirudisha pajani bila kutazama, huingia kati ya kinga, ile pete inayokizunguka kifyatulio, na kifyatulio chenyewe na kukisukuma. Risasi zimewahi kutoka kwa namna hiyo. Kwa hiyo ala ya bastola yenye mdomo unaojikunja, au isiyofunika kifyatulio chote kwa ngozi iliyo imara, hairekebishwi kwa nta wala kwa kifungo. Inakatwa ili asiitumie mtu mwingine. Mdomo wa ala mpya uimarishwe kwa tabaka la pili la ngozi ngumu lililoshonwa kulizunguka tundu, ili ubaki wazi silaha inapokuwa nje. Nyongeza kwa fundi: silaha nchini humilikiwa kwa leseni, na haimpasi mwenyewe kukuachia karakanani usiku kucha. Mimi huchukua vipimo mbele yake, silaha ikiwa tupu na imehakikiwa tupu na yeye mwenyewe, kisha nafinyanga ala juu ya umbo la mti.

Kubana kupita kiasi ni tatizo dogo zaidi. Ala mpya hubana, na inapaswa kubana. Kifunge chombo kwa tabaka mbili za karatasi ya nta, kiingize, ukiache usiku mmoja, na urudie ikibidi. Kinachobana mahali pamoja tu kwa kawaida kinagonga mshono uliowekwa karibu mno, na hapo hakuna njia ila kufumua.

Simi za Kimaasai haziugui magonjwa haya, na sababu yake inafunza: ala yake ya jadi ina vibao vya mti ndani, na ngozi nyekundu ni vazi tu. Anayemtengenezea mteja ala ya kisu kirefu cha ukubwa huo atafikiri mara mbili kabla ya kutegemea ngozi peke yake.

Mshono unakatika

Tazama mahali ulipokatika. Ukiwa umekatika upande wa makali ya kisu, hasa karibu na ncha, kisu ndicho kilichoukata, na hata uzi mnene namna gani utakatwa tena. Dawa yake ni ukanda wa ngozi wa milimita 3 au 4 ulioshonwa katikati ya pande mbili za ala kando ya makali, ili kisu kikutane na ngozi kabla ya uzi. Ala nyingi za bei nafuu hazina ukanda huo, na ndiyo sababu zinarudi.

Ukikatika mahali popote pengine na kuendelea kufumuka wenyewe, mshono ni wa mashine. Mashine hufunga uzi wa juu na wa chini katikati ya ngozi, na mmoja ukikatika mwingine huachia. Mshono wa mkono wa sindano mbili hupitisha nyuzi zote mbili katika kila tundu, kwa hiyo uzi mmoja ukikatika wa pili unashikilia. Unahitaji uzi wenye urefu wa mara nne hivi ya mshono, uliopakwa nta. Toboa kwa msharasi wenye ncha bapa, matundu yakiwa na umbali wa milimita 4 hivi, na uweke mfereji mdogo ili uzi uzame usisuguliwe na suruali.

Gundi iliyoachia chini ya mshono ni jambo la dakika chache: gundi ya viatu haishiki upande wa uso unaong'aa, kwa hiyo ukwangue kwa msasa, paka pande zote mbili, ngoja hadi isinate kidoleni, kisha ugonge kwa nyundo.

Madoa meusi, kutu na ute wa kijani

Mihuri mingi tunayotumia hutengenezwa na mafundi wa jua kali kwa bolti na misumari minene iliyotindwa kwa tupa. Sina ugomvi nayo, na mingine ni mizuri kuliko ya dukani, lakini chuma kitupu kikigusa ngozi ya magome iliyolowa hukutana na dawa ya magome na kuzaa weusi, kwa kanuni ileile inayotumika kutengeneza wino wa kale na rangi nyeusi ya siki na misumari yenye kutu. Hata vumbi la tupa lililobaki mezani linatosha kuacha vidoa mfano wa pilipili manga. Ing'arishe mihuri, ipanguse kwa kitambaa chenye nta, na usichonge kwenye meza uliyosagia chuma. Doa likiwa limeshaingia na ngozi haijapakwa rangi wala mafuta, pangusa maji ya ndimu uso mzima, si doa pekee, kisha usuuze kwa maji safi. Baada ya mafuta kupakwa, ndimu haina kazi.

Kutu kwenye kisu chenyewe si kosa la ala bali ni la kukihifadhi humo. Ngozi ina asidi na huvuta unyevu, na kisu cha chuma cha kaboni kikikaa ndani yake tangu masika ya Machi hadi Mei kitatoka na vidonda. Mweleze mteja mapema kwamba ala ni ya kubebea, na kisu kilale nje kikiwa kimepanguswa mafuta. Ute wa kijani kuzunguka ripiti za shaba, nao, hutokana na mafuta ya ngozi yanayoila shaba. Uondoe kwa kijiti na kitambaa, kisha upunguze mafuta.

Weupe juu ya nakshi

Weupe unaweza kuwa ukungu au mafuta yaliyopanda juu kwa baridi, na tiba zao ni tofauti. Upashe joto kwa mashine ya kukaushia nywele: mafuta yatayeyuka na kupotea machoni, ukungu utabaki kama ulivyo na utanuka uvundo. Mafuta yapanguswe tu kwa kitambaa. Ukungu utolewe nje ya karakana kwa brashi kavu, ngozi ipanguswe kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, mkijaribu kwanza mahali pasipoonekana, kisha ikae penye upepo. Katika nakshi ya kina tumia mswaki, kwa kuwa ukungu hubaki katika mifereji na kurudi.

Rangi inachafua nguo

Mkanda mweusi ukiacha alama kwenye shati jeupe, rangi ilipakwa nyingi kuliko ngozi ilivyoweza kumeza, na ungaunga uliobaki juu ulifunikwa kwa nta badala ya kuondolewa. Paka rangi nyembamba mara mbili au tatu, uache ikauke siku nzima, kisha usugue kwa kitambaa kikavu cha pamba hadi kisitoe kitu, ndipo upake tabaka la juu la kuizibia rangi. Mabaka yasiyomeza rangi ni gundi iliyomwagika au mafuta ya vidole, nayo hayafunikiki. Yanakwanguliwa kabla ya kuanza. Kabla mteja hajaja, nasugua kazi kwa kitambaa cheupe chenye unyevu kidogo, kwa nguvu za mtu anayekimbilia matatu. Kitambaa kikitoka na rangi, mkanda unabaki karakanani siku nyingine moja.